Kondomu na mpenzi mpya: mwongozo kamili, kutoka siku ya kwanza mpaka majibu ya pili

Nauza dawa kwenye famasi hapa Mbeya, si mbali na Kabwe, na kwa miaka niliyokaa nyuma ya kaunta nimejifunza kumtambua kijana aliyepata mpenzi mpya. Anasubiri mteja wa dawa ya kikohozi atoke kwanza. Anasoma matangazo ya ukutani kana kwamba kesho ana mtihani. Kisha anasogea na kunong'ona, "Anti, nipe ile pakiti." Wiki inayofuata anarudi, na safari hii hanong'oni. Wiki ya tatu anachukua mbili kwa mpigo. Halafu anapotea. Nikija kumwona tena, mara nyingi ni asubuhi na mapema, yuko na binti aliyejifunika kitenge mpaka kichwani, wanaulizia P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba.

Nikiwauliza ilikuwaje, sijawahi kusikia mtu akisema, "Tulikaa tukaamua kuacha." Wanasema, "Tulizoeana tu, anti."

Basi hapo ndipo penye tatizo. Vijana wengi wanajua kondomu inavaliwaje, angalau kwa kusikia. Wanachokosa ni tarehe. Hawakukubaliana mpaka lini, kwa hiyo siku pakiti inapoisha, mvua inanyesha na duka liko mbali, mvua ndiyo inayowaamulia. Mwongozo huu una hatua za kuvaa, tena kwa kirefu, ila ukibaki na kitu kimoja tu kichwani, kiwe kalenda.

Na nyanda hizi zetu si mahali pa kubahatisha. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022/2023 ulikuta maambukizi kwa watu wa miaka 15 na kuendelea ni asilimia 4.4 kwa nchi nzima. Njombe ilikuwa 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Sizitaji namba hizo ili mtu aogope kupenda. Wengi wa wenye virusi wako kwenye dawa, wanalima, wanafundisha, wanalea watoto wao. Nazitaja kwa sababu mpenzi mpya mwenye afya tele, anayecheza mpira kila jioni na kuimba kwaya Jumapili, uso wake haukwambii chochote. Na wako pia haumwambii yeye.

Hatua ya 1: Ongeeni mkiwa bado mmevaa masweta

Mazungumzo ya kondomu yafanyike mchana, nguo zote mwilini. Yakisubiri usiku, taa imezimwa, yule mwenye aibu zaidi ndiye anayeshindwa, na mara nyingi ni binti. Ongeeni mkisubiri chipsi, au mkitembea kurudi hosteli, au hata kwa meseji kama macho kwa macho yanawashinda. Sentensi ya kuanzia isiwe ndefu: "Mimi natumia kondomu mpaka tupime mara mbili. Wewe je?" Imekwisha. Haina lawama, na ina mwisho. Neno "mpaka" ndilo linaloibeba, maana mtu anayeambiwa "mpaka" hajisikii amehukumiwa maisha.

Majibu utakayopata nayajua, nayasikia kwa wateja kila siku.

"Kwani huniamini?" Jibu: "Nakuamini. Ila hata mimi sijapima tangu mwaka jana, sasa nikuaminishe nini?" Anza kujitaja wewe mwenyewe, hasira inakosa pa kushika.

"Pipi hailiwi na ganda lake." Huu msemo ni wa siku nyingi, wengine wanausema kwa ndizi. Dada mmoja alinichekesha sana, yeye alimjibu bwana wake, "Basi leo hatuli pipi." Sijasikia jibu zuri zaidi ya hilo.

"Mimi nimetahiriwa." Hili huku kwetu lina historia. Kampeni ya tohara ya hiari ilianza Iringa mwaka 2009, ikafika na kwenye mikoa mingine ambayo kimila haikuwa ikitahiri, na vijana wengi walijitokeza. Wakafanya vizuri. Lakini tohara inampunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa VVU na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Asilimia 40 zilizobaki ni nyingi mno kuziacha wazi, na mimba haina habari na tohara ya mtu.

Kuna na suala la nauli. Binti yuko Iringa, kaka yuko Mbeya, nauli imetumwa kwa simu, na binti akishuka stendi ya Nane Nane anajiona tayari ana deni. Nauli si mkataba, mdogo wangu. Tuma ujumbe wa kondomu kabla ya kupanda basi, na uwe na akiba ya nauli ya kurudia yako mwenyewe. Na ijulikane: aliyekubali kwa kondomu hajakubali bila kondomu. Kuivua kimya kimya katikati ni udhalimu, usiuite utani.

Hatua ya 2: Kuipata na kuitunza

Za bure zipo zahanati na vituo vya afya, na mara nyingine kwenye boksi la gesti au la baa. Usilitegemee boksi la gesti. Nimesikia vilio vingi vya "tulikuta tupu". Za dukani zipo famasi, maduka ya dawa muhimu na hata kwa mangi. Salama na Dume ndizo zinazotajwa sana. Ya bure na ya kulipia zinakinga sawasawa ikiwa muda haujapita. Unacholipia zaidi ni harufu, vipele na boksi zuri.

Wasichana, nunueni. Najua maneno yanayosemwa juu ya msichana mwenye kondomu kwenye pochi. Yanasemwa na watu ambao hawatakuwepo siku ya matokeo.

Ukishaipata, geuza pakiti usome tarehe ya mwisho wa matumizi. Kisha ibinye kwa vidole viwili: lazima usikie kimto cha hewa. Kama hewa haipo, imetoboka, itupe. Itunze mahali pakavu pasipo na joto. Baridi ya Juni ya Uyole haiidhuru, kinachoiua ni joto na msuguano. Walleti inayokaliwa siku nzima juu ya siti ya bodaboda ina vyote viwili. Dashibodi ya gari vilevile, na dirisha linalopigwa na jua la mchana. Na kwa wanaoota moto chumbani, usiiweke rafu ya juu ya jiko la mkaa. (Na kwa kuwa nimelitaja: msilale na jiko la mkaa milango ikiwa imefungwa. Moshi wake usioonekana unaua.)

Hatua ya 3: Kanawe mafuta

Hatua hii sijaiona kwenye bango lolote, na huku kwetu naiona ni muhimu kuliko nyingine. Sisi ni watu wa baridi. Ngozi inakauka, midomo inapasuka, kwa hiyo kila mtu anajipaka mafuta ya mgando asubuhi na tena kabla ya kulala. Siku hizi kuna na mafuta ya parachichi ya kutoka Rungwe na Njombe, mazuri kweli kwa nywele na ngozi. Mikono hiyo hiyo ndiyo inayofungua kondomu.

Kondomu nyingi ni za mpira wa asili, yaani lateksi, na mafuta yanadhoofisha lateksi ndani ya dakika chache tu. Kwa macho huoni kitu, mpaka ipasuke. Mafuta ya mgando, mafuta ya nazi, ya kupikia, ya parachichi, losheni, siagi: hakuna hata kimoja kinachofaa. Nawa mikono kwa sabuni, ujifute. Na kama sehemu zenyewe zimepakwa mafuta, osha kwa nje.

Kama ukavu unawasumbua, tafuteni kilainishi cha maji. Kipo famasi, na kondomu nyingi huja zikiwa nacho tayari. Ukavu mara nyingi ni haraka tu, jambo ambalo kilainishi chake ni subira. Mate yanakauka upesi, hayasaidii kwa muda mrefu.

Hatua ya 4: Kuivaa na kuivua

Iweke mkononi au kando ya mto kabla mambo hayajaanza, na kabla ya glasi ya pili. Kwa mnaokunywa ulanzi, mnajua wenyewe: wa asubuhi ni mtamu kama togwa, wa jioni ni kitu kingine kabisa, na vidole vya jioni havifungui pakiti vizuri.

Sukumia kondomu upande mmoja ndani ya pakiti, kisha chana upande ulio wazi kwa vidole. Usitumie meno, wembe wala mkasi. Itoe, uiangalie inakunjukia upande gani: inafaa ifanane na kofia yenye ukingo uliojikunja kwa nje. Subiri uume usimame vizuri, na ivaliwe kabla ya kugusana kokote kwa sehemu za siri, maana majimaji ya awali nayo yanaweza kubeba maambukizi. Asiyetahiriwa avute govi nyuma kwanza.

Bana chuchu ya kondomu kwa kidole gumba na cha shahada ili hewa itoke. Ukiwa bado umeibana, iweke kwenye kichwa cha uume na uikunjue mpaka kwenye shina kabisa. Watu wengi wanaikunjua nusu, halafu wanalalamika kwamba imechomoka. Ikigoma kukunjuka ujue umeiweka kinyumenyume. Usiigeuze ukaendelea nayo. Upande uliogusa uume sasa ndio ungeingia kwa mwenzako. Itupe, chukua nyingine. Hii ndiyo sababu usiende na moja tu.

Moja kwa wakati mmoja, lakini. Mbili zikivaliwa pamoja zinasuguana, zinachanika. Ya kiume na ya kike kwa pamoja, vilevile.

Mwanamume akishamaliza asilale humo. Ashike ukingo wa kondomu pale kwenye shina na atoke uume ukiwa bado umesimama. Ukisinyaa, kondomu inabaki ndani au shahawa zinamwagika. Avulie mbali kidogo na mwenzake, aifunge fundo, aizungushie karatasi. Choo cha shimo kinafaa kuitupa. Choo cha kuvuta maji hakifai, kitaziba, na mtakuja kumweleza fundi bomba mbele ya mwenye nyumba. Mkirudia tendo, kondomu mpya.

Kujifunza, jifunze peke yako kwanza, mchana, bila haraka. Kaka zangu, hata mikanda ya viatu hamkuijulia ukubwani usiku wa manane. Kati ya wanawake 100 ambao wenzi wao wanatumia kondomu mwaka mzima bila kukosea hata mara moja, 2 hivi hupata mimba. Kwa watumiaji wa kawaida, wenye kusahau na kuchelewa kuvaa, hufika 13. Hao 11 wa tofauti hawakusalitiwa na mpira.

Kondomu ya kike inastahili kusifiwa kuliko inavyosifiwa, maana mwanamke anaiweka mwenyewe, hata saa kadhaa kabla, bila kumsubiri mtu asimame wala akubali. Ina pete mbili. Ya ndani unaiminya iwe nyembamba, unaisukuma ndani ya uke mpaka ikae. Ya nje inabaki nje, imefunika midomo ya uke. Wakati wa kuingia, ongoza uume upite katikati ya pete, usije ukapita pembeni. Ukimaliza, zungusha pete ya nje ili ijifunge, vuta taratibu, tupa. Aina nyingi za sasa si za lateksi, kwa hiyo mwenye mzio wa lateksi, anayewashwa na kuvimba kila akitumia ya kawaida, aulizie hii. Tatizo ni upatikanaji: kuna wiki namjibu mteja hapana, mara tatu kwa siku.

Hatua ya 5: Ikipasuka

Acheni mara moja. Oga kwa nje kwa maji na sabuni. Usijioshe ndani ya uke, wala kwa soda wala kwa ndimu, kunaumiza ngozi ya ndani na kufungulia maambukizi njia. Kukojoa hakudhuru, ila hakukingi mimba wala VVU.

Kisha angalieni saa. Dawa za dharura za kuzuia VVU, zile wahudumu wanaita PEP, zinaanzwa ndani ya saa 72, na kila saa mnayoiokoa ina thamani. Zinamezwa siku 28 bila kukatisha. Hizi haziuzwi kwangu. Nendeni hospitali au kituo cha afya chenye kliniki ya tiba na matunzo ya VVU. Mbeya kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Iringa kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Msingoje Jumatatu. Kama binti hatumii uzazi wa mpango, kidonge cha dharura kimezwe mapema kadiri iwezekanavyo, ndani ya hizo hizo saa 72. Kinazuia mimba isitunge. Hakitoi iliyokwisha kutungwa, na hakikingi ugonjwa wowote. Kijana anayenunua P2 na kuondoka akiwa amepumua amemaliza nusu ya kazi tu. Ninajaribu kumwambia, ila mara nyingi ameshafika mlangoni.

Hatua ya 6: Kipimo cha kwanza, na tarehe ya cha pili

Nendeni pamoja. Kupima VVU kwenye vituo vya serikali ni bure, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 mtu wa miaka 15 na kuendelea anaweza kuridhia kupimwa mwenyewe. Sheria hiyo iliruhusu na kujipima nyumbani. Kipimo cha nyumbani kikileta alama ya maambukizi, hayo si majibu ya mwisho, lazima yathibitishwe kituoni. Mkiwa huko kituoni ombeni na vipimo vya kaswende na homa ya ini B. Semeni pia kama kuna usaha, kidonda, muwasho au maumivu wakati wa kukojoa, ingawa kisonono na klamidia vinaweza kukaa kimya kabisa, hasa kwa wanawake. Na kondomu haifuniki kila mahali: malengelenge na vinyama vya sehemu za siri huambukizwa hata kwa ngozi iliyobaki nje. Mwenye kidonda, msubiri apone na atibiwe.

Majibu ya kwanza hayatoshi, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Wametoka kupima, wote salama, jioni ile ile kondomu inaenda kabatini. Vipimo vya haraka vinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya virusi, nao huchukua muda kujitokeza kwa wingi wa kuonekana; kipindi hicho cha matazamio huhesabiwa mpaka miezi 3. Kipimo cha leo, kwa hiyo, kinasema hali ilivyokuwa miezi 3 nyuma. Kinampima na yule wa zamani aliyeachwa Juni.

Basi hesabuni. Mmekutana kwenye maonyesho ya Nane Nane, pale viwanja vya John Mwakangale, mkapima wiki hiyo hiyo. Kipimo cha pili si kabla ya tarehe 8 Novemba. Kiandikeni kwenye simu zote mbili. Katikati hapo kondomu kila mara, na kama moja ilipasuka au mlipitiwa usiku mmoja, miezi 3 inahesabiwa upya kuanzia usiku huo. Ndiyo, inaudhi. Pakiti iwe mbili nyumbani, na inayoanza kuisha ndiyo siku ya kununua nyingine, kama vile unga.

Mmoja akikutwa na maambukizi, mapenzi hayajafa. Anaanzishiwa dawa, na akizimeza vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo cha wingi wa virusi na vikaendelea kutoonekana, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Mpaka wafike huko kondomu inaendelea, na yule asiye na maambukizi aulize kliniki kuhusu dawa kinga za kumeza kabla ya kukutana na virusi. Kitu pekee ninachoomba: mtu asitangaziwe. Ukijua hali ya mwenzako, imekuwa siri yako pia.

Hatua ya 7: Siku ya majibu ya pili

Wote salama kwa mara ya pili? Sasa ndiyo mkae muamue, tena kwa maneno. Mkiacha kondomu mmeacha na uzazi wa mpango, kwa hiyo wiki moja au mbili kabla binti awe ameshaongea na muuguzi kuhusu sindano, kipandikizi, kitanzi au vidonge, na ameambiwa njia yake inaanza kukinga lini. Mkiamua kuendelea nayo, hakuna wa kuwacheka. Nina wateja waliooana, na wanachukua yao kila mwisho wa mwezi pamoja na dawa ya meno.

Na wekeni neno moja la dharura. Kuna wapenzi wanasema tu "turudi kwenye mpira". Akilisema mmoja, mwingine haulizi usiku huo nani, wapi, lini. Maswali yapo kesho. Usiku huo anafungua droo, na kalenda inaanza tena siku ya kwanza.